Shajara ya mradi: kadimiamu, NAC na ile zambarau iliyonidanganya

Siku ya 1

Haya, safari hii naandika kila kitu humu, maana mradi uliopita nilikuwa naandika namba juu ya boksi la glovu, siku moja boksi likaisha mtu akalitupa, na wiki mbili za kazi zikaenda nalo. Sirudii.

Swali lenyewe halina makuu. Kadimiamu, metali nzito, inaua seli za ini, hilo halina ubishi, na ikishaingia mwilini haina haraka ya kutoka, inakaa kwenye ini na figo miaka kumi na zaidi. NAC ni ile dawa wanayopewa waliozidisha paracetamol, inaipa seli malighafi ya kutengeneza glutathioni, kinga ya ndani ya seli dhidi ya sumu. Sasa nataka kujua NAC ikiwekwa pamoja na kadimiamu seli zinapona kiasi gani, na kama zinapona, zinaponaje. Hilo la "zinaponaje" nililiandika kama pambo tu leo, sikujua ndo litakuja kunila muda wote.

Seli ni HepG2. Zilitoka kwenye uvimbe wa ini wa kijana wa miaka 15 wa Argentina, miaka ya 1970, na tangu hapo zinagawanyika tu hazichoki. Udhaifu wake unajulikana, vimeng'enya vya kuchakata dawa vimebaki kidogo sana, kwa hiyo kama sumu yako ni ya aina ya paracetamol, ambayo yenyewe inakuwa sumu baada ya ini kuichakata, HepG2 zitakuambia dawa ni salama na wewe utaamini. Kadimiamu haihitaji kuchakatwa, inaingia ilivyo na inaharibu ilivyo, ndo maana nimeona zinafaa.

Nimeyeyusha kichupa kimoja leo. Haraka kwenye maji ya 37 °C mpaka kibaki kipande kidogo cha barafu, ndani ya midia (chakula cha maji cha seli) ya uvuguvugu, zungusha taratibu kwenye mashine, mwaga ya juu ili DMSO iliyokuwa inazilinda kwenye baridi isije ikaziua kwenye joto, kisha flaski, kisha inkubeta, 37 °C na CO2 asilimia 5. Kesho ndo nitajua zimeamka au la.

Siku ya 6

Zimeamka. Zimejaa flaski kama asilimia 70 na zinafanya ule mchezo wao wa kukaa kwa vikundi vikundi kama visiwa. Tatizo la HepG2 ni hilo hilo, ukizing'oa na tripsini (kimeng'enya cha kubandulia seli) ukaridhika mapema unapata mabonge, na bonge la seli ishirini likiingia kwenye kisima kimoja cha sahani ya plastiki na jirani yake akapata seli mbili mbili, hata usiwe na sumu yoyote sahani itakuonyesha kifo na uhai ambavyo havipo. Nimepandisha na kushusha pipeti mara 15 nikihesabu kwa sauti, mwenzangu wa benchi la pili akaniuliza kama nasali.

Kuhesabu: nimechanganya nusu kwa nusu na tripani bluu, seli iliyokufa inanywa bluu, iliyo hai inaikataa. Wastani wa seli 62 hai kwa mraba mkubwa wa kioo cha kuhesabia, mara 2 kwa sababu ya rangi, mara 10,000 ili nifike mililita, inakuja seli milioni 1.24 kwa mililita. Nataka seli 10,000 kwa kisima ndani ya mikrolita 100, visima 60, yaani mililita 6, natengeneza 7 maana kila mara kuna inayobaki kwenye pipeti, kwa hiyo mikrolita 565 za seli, zilizobaki midia. Naandika hesabu hii hapa kamili kwa sababu kila mara nikiifanya kichwani naikosea.

Visima 60 badala ya 96 kwa sababu vile 36 vya pembeni vinakauka haraka kuliko vya ndani, chumvi inapanda, seli zinapata shida ambayo sio ya sumu yako. Vya pembeni najaza maji safi tu, vinakuwa kama ukuta.

Siku ya 9

Leo nimeharibu. Nilitengeneza akiba (mchanganyiko mzito wa kuzimua baadaye) ya kadimiamu kloridi ndani ya PBS, maji ya chumvi ya kuoshea seli, kwa mazoea, maana kila kitu humu tunayeyushia PBS. Nikatikisa, ikawa kama maji ya mchele. Nikatikisa tena, nikapasha, ndo kwanza. Nikakaa nikafikiria, PBS ni nini, ni fosfeti, na kadimiamu ikikutana na fosfeti inaganda inashuka chini. Kama ningekuwa na haraka nikaichuja ikawa safi, ningetoka hapo na chupa nzuri ya maji ya chumvi isiyo na sumu ya maana ndani, na seli zangu zingeishi kwa furaha na mimi ningeandika kwamba HepG2 ni sugu.

Nimemwaga kwenye chombo cha taka za metali nzito (sio sinki, hii kitu inasababisha saratani na haiozi), nikatengeneza upya kwenye maji yaliyosafishwa. Safi kama kioo.

Siku ya 13

Mchoro wa kwanza wa dozi. Kadimiamu kuanzia maikromola 1 mpaka 80, saa 24, kisha MTT.

Kwa ambaye hajawahi: MTT ni chumvi ya njano, Mosmann aliileta kama kipimo mwaka 1983, seli hai inaigeuza kuwa fomazani ya zambarau isiyoyeyuka kwenye maji, unaiyeyusha, unapima mwanga kwenye nanomita 570, zambarau nyingi maana yake seli nyingi hai. Ndo tunavyofundishwa, na ndo navyofundisha wengine. Kuna njia mbili za kumalizia, ya kwanza unamwaga midia yote unaweka DMSO, ya pili humwagi kitu, unaongeza SDS, aina ya sabuni, yenye tone la asidi unaacha usiku kucha iyeyushe kila kitu. Mimi nilichagua ya pili kwa sababu HepG2 zilizougua zinabanduka ukizigusa tu, nikimwaga midia namwaga na seli. Uamuzi wa busara kabisa, au nilidhani hivo.

Chini ya hadubini, saa tatu baada ya kuweka MTT, visima vya kontroli (visivyo na sumu) vimejaa sindano za zambarau kama nyasi zimeota juu ya kila kisiwa cha seli. Maikromola 80 hakuna kitu, seli za mviringo zinaelea. Mchoro umetoka mzuri, umbo la S, nusu inaangukia maikromola 22.

Siku ya 15

Nimemwonyesha bosi wa maabara. Kaangalia mchoro, kasema ni mzuri, halafu kauliza, "Ulipima gramu ngapi?" Nikamwambia milligramu 18.3 kwa mililita 10, ndo milimola 10. Kaenda kabatini mwenyewe karudi na chupa, kaiweka mbele yangu. "Hebu soma lebo yote, mwanangu, usisome jina tu."

Kumbe yetu sio kavu, ni ile yenye maji ndani ya fuwele, molekuli mbili na nusu za maji kwa kila moja. Uzito wake ni 228.4, mimi nilitumia 183.3 ya kavu. Kwa hiyo akiba yangu niliyoiandika "10 mM" kwa maka nene ilikuwa 8, na ile 22 yangu ni kama 17.7 tu. Umbo la mchoro halibadiliki, ndo ubaya wake, kosa la aina hii halijitangazi. Linasogeza kila kitu kushoto au kulia kwa adabu na mtu mwingine akirudia kazi yako anapata namba nyingine na mnaanza kulaumiana.

Nimetengeneza upya, 22.8 safari hii. Dozi ya kazi kuanzia sasa ni 20 za kweli.

Siku ya 20

AISEE.

NAC milimola 10 pamoja na kadimiamu 20, saa 24. Kontroli bila kitu 0.92, kisima kitupu 0.06. Kadimiamu peke yake 0.38, yaani kama asilimia 37. Kadimiamu na NAC: 1.21.

Nimepiga hesabu mara tatu, ni asilimia 134. NAC haijaokoa tu, imeleta na nyongeza. Nimewatumia picha ya sahani wenzangu wote, ule mstari wa NAC ni zambarau nzito mpaka unatisha, wakanipongeza, mmoja akasema andika makala kabisa.

Nimeandika haya saa tano usiku na bado sijalala, na sio furaha. Kuna kitu hakikai sawa. Asilimia 134 ya uhai ni uhai wa nani? Seli zilikuwa 10,000 pamoja na zilizozaliwa, na asubuhi kabla ya kuweka MTT nilichungulia kwenye hadubini, visima vya NAC vilikuwa na seli za kawaida tu, tena nadhani chache kidogo kuliko kontroli. Macho yanasema hivi, mashine inasema vile. Na kitu kingine ambacho nilikiona nikakipuuza, midia ya visima vya NAC ilikuwa njano. Sio njano ya MTT, ilikuwa njano kabla ya MTT.

Siku ya 21

Kipimo cha leo kingepaswa kufanyika siku ya kwanza kabisa. Sahani tupu, hakuna seli hata moja. Midia na MTT. Midia na NAC na MTT. Kwa muda wa saa tatu.

Midia peke yake: 0.07. Midia na NAC: 0.66.

Bila seli hata moja! Nimekaa naangalia visima visivyo na uhai wowote vikigeuka zambarau polepole kama vinanicheka. NAC yenyewe inatoa elektroni, ndo kazi yake, ndo sababu tunaiita kinga, na MTT haijui elektroni imetoka kwenye seli au imetoka kwenye chupa. Ikipewa inapokea. Na kwa kuwa mimi sikumwaga midia wala kuosha, NAC yote ilikuwa pale pale ikisubiri.

Kwa hiyo MTT haihesabu seli hai. Haijawahi kuhesabu seli hai. Inahesabu ni kiasi gani cha rangi kimegeuzwa, na sisi ndo tunaongeza neno "uhai" juu yake. Ukiweka vitamini C, glutathioni, au zile dondoo za mimea ambazo watu wanazipima kila siku zikiwa zimejaa vitu vya aina hiyo, ni hadithi ile ile. Nikikumbuka ni mabango mangapi nimesoma yenye nguzo za asilimia 120 na 140 na mwandishi anasema "imechochea ukuaji wa seli" napata kizunguzungu kidogo, maana mwezi uliopita ningekuwa mmoja wao.

Mtu akaniambia basi toa tu, 1.21 toa 0.66. Nimetoa, inakuja kama asilimia 64. Lakini siiamini hata kidogo, kwa sababu kwenye kisima chenye seli NAC nyingine imeshanywewa, nyingine imeshaungua saa 24 kwenye joto, haiko sawa na ile mbichi niliyoipima leo. Unatoa kitu usichokijua kutoka kwenye kitu usichokiamini.

Siku ya 22

Ile njano. NAC ni asidi, milimola 10 ndani ya midia inatosha kuishinda bufa, ile inayozuia pH isiyumbe, na fenoli redi iliyomo kwenye midia inageuka njano kuonyesha hivo. Yaani seli zangu zilikuwa zinaogeshwa asidi na mimi naziita "zilizolindwa". Natengeneza NAC mbichi kila siku, naisawazisha na sodiamu haidroksaidi mpaka pH 7.4, nachuja, natumia siku hiyo hiyo. Midia sasa inabaki na wekundu wake ule wa kawaida.

Siku ya 27

Nimehamia nyutro redi, rangi nyingine ya kupimia uhai wa seli. Borenfreund na Puerner waliitoa mwaka 1985 na naona inadharauliwa kwa sababu ni ya zamani na ina kazi nyingi. Inavyofanya kazi ni tofauti kabisa, rangi inapenya ndani ya seli na kunaswa kwenye laisosomu, vijifuko vya seli vya kumeng'enya taka, kwa sababu ndani ya laisosomu kuna asidi, na ili kuwe na asidi lazima seli iwe inafanya kazi ya kusukuma. Seli ikifa, hakuna wa kuishika rangi. Hakuna suala la kupokeana elektroni hapa.

Nikafikiria pia LDH, kile kimeng'enya kinachovuja seli ikipasuka, ila kifurushi cha kipimo tulichonacho kinasoma kwa rangi ya ukoo ule ule wa tetrazoliamu kama MTT. Ningekuwa nimetoka mtego mmoja naingia mwingine, na zaidi ya hapo seramu ya kwenye midia ina LDH yake. Nikaacha.

Mambo niliyojifunza kwa kuumia: rangi itengenezwe jana yake, ikae usiku kucha kwenye 37 °C, kisha uizungushe na uchukue ya juu tu. Nisipofanya hivo inaota fuwele kama nywele nyekundu juu ya seli, na fuwele hazioshwi, kisima kimoja kinasoma mara mbili ya jirani. Saa tatu ndani ya inkubeta, osha mara moja tu na PBS ya uvuguvugu kwa kuegemeza ncha ya pipeti kwenye ukuta wa kisima (ukimwaga katikati seli zinang'oka, unaziona kabisa zinaondoka kama ngozi ya maziwa), kisha maji yenye asidi ya asetiki asilimia 1 na ethanoli asilimia 50, tikisa dakika kumi, soma 540. Na visima visivyo na seli vyenye kila mchanganyiko, kila sahani, bila mjadala. NAC bila seli kwenye nyutro redi: sawa na kisima kitupu. Nilishusha pumzi.

Siku ya 31

Sahani tatu, siku tatu tofauti. Kadimiamu 20 peke yake asilimia 35. Kadimiamu na NAC iliyosawazishwa asilimia 88. Kwa hiyo NAC inaokoa kweli! Sio 134, ila inaokoa.

Nikaenda kwa bosi na uso wa ushindi. Akauliza swali moja: "Inaziokolea wapi?"

Sikuelewa. Akachukua karatasi akachora duara, seli, akaandika Cd nje na NAC nje. Ndo nikaelewa na nikataka kukaa chini. Kadimiamu inapenda salfa kupita kiasi, ndo maana mwili una metalothioneini, protini iliyojaa salfa, Margoshes na Vallee waliitoa kwenye figo ya farasi mwaka 1957 ikiwa imeshika kadimiamu. Na NAC ina salfa. Mimi nimeweka milimola 10 za NAC dhidi ya maikromola 20 za kadimiamu, yaani kila kadimiamu moja imezungukwa na NAC 500. Si ajabu haiingii ndani ya seli! Inawezekana kabisa kilichotokea ni kwamba nimeifunga sumu kamba mle kwenye midia kabla hata haijagonga mlango. Hiyo sio kinga ya seli, ni mwizi aliyekamatwa njiani.

Siku ya 36

Mpangilio mpya. Kundi moja NAC na kadimiamu pamoja kama mwanzo. Kundi la pili NAC saa 16, osha mara mbili, midia mpya, ndo kadimiamu. Kundi la tatu saa 16 za midia tupu, likaoshwa vile vile, kisha kadimiamu, ili nijue kuosha kwenyewe kumeua wangapi.

Pamoja, 87. NAC kwanza ikaoshwa, 49. Kuosha tu bila NAC kisha kadimiamu, 34.

Kwa hiyo kuna kinga ya ndani, ipo, ila ni ndogo, kutoka 34 mpaka 49. Sehemu kubwa ya ule "uokoaji" ilikuwa nje ya seli. Kusema kweli nilipoiona 49 nilikasirika, halafu baada ya chai nikaipenda. Hii 49 ndo namba ya kwanza kwenye mradi huu ambayo najua inatoka wapi.

Siku ya 38

Kipimo cha mikoplazma (bakteria wadogo sana wanaovamia seli za maabara), cha kawaida cha kila mwezi. Hamna. Naandika kwa sababu hao wadudu hawachafui midia, penisilini haiwagusi kwa kuwa hawana ukuta wa seli, na wakiwepo namba zote za juu hazina maana.

Siku ya 47

Sferoidi. Seli zilizolala bapa kwenye plastiki sio ini, na mimi nilitaka kuona kadimiamu inafanya nini seli zikiwa zimebanana kama tishu. Visima vimepakwa jeli ya agarosi asilimia 1.5 chini ili zisipate pa kushika, seli 1,000 kwa kisima, baada ya siku nne zinajikusanya kuwa kijipira kimoja kinachoonekana kwa macho kama punje ya vumbi.

Shida ilikuwa kukata. Kuziweka kwenye formalini ni rahisi, ila safari ya kupitia ethanoli mpaka nta ni ndefu na kijipira chenyewe hakionekani, mzigo wa kwanza wote uliishia kwenye taka, nilikata vipande vitupu vya nta nusu siku nzima. Fundi wa histolojia akanihurumia, "Dada, zipake hematoksilini kidogo kwanza uzione, halafu zifunge kwenye agarosi." Tone moja. Sasa ni vidoti vya bluu ndani ya kijiko cha jeli na vinafika kwenye nta vyote.

Vipande vya mikromita 5, rangi za hematoksilini na eosini. Kontroli: viini vya bluu vya mviringo, pinki kuvizunguka, imepangika. Kadimiamu 20: tabaka la nje limekufa, viini vimesinyaa vyeusi kama mbegu za ufuta, vingine vimemeguka, lakini ndani seli zinaonekana nzima kabisa. Sumu ile ile, dozi ile ile, na seli za ndani hazijui kama kuna vita. Hakuna kipimo cha sahani kingeniambia hivi, kingenipa asilimia moja tu ya mchanganyiko wa wafu wa nje na wazima wa ndani.

Siku ya 52

Hatua inayofuata ni BSO, ambayo inazuia seli kutengeneza glutathioni. Kama ile kinga ndogo ya 34 mpaka 49 inatoka kwenye glutathioni, BSO inapaswa kuifuta. Isipoifuta, basi NAC ina njia nyingine humo ndani au sikuosha vizuri, na itabidi nipime glutathioni yenyewe.

Sahani tatu ziko inkubeta tangu saa nne asubuhi, kadimiamu inaingia kesho. Visima visivyo na seli vimo, safu ya pili na ya tatu, nimevizungushia maka nyekundu.